Mwendelezo Unapimwa kwa Kipimo Gani? Maoni ya wakosoaji juu ya mchezo Dragon Age II

Riwaya ya pili, filamu ya pili, msimu wa pili wa tamthilia: kazi ya namna hii haisomwi peke yake. Anayeifungua ameshaifahamu ile ya kwanza, naye anakuja na mazoea aliyoyapata kule. Katika fakulte yetu tunazoea kulijadili jambo hili tunapofundishwa riwaya. Makala hii inalichukua katika uwanja ambao vijana wengi wanaujua kwa vidole zaidi kuliko kwa kalamu, yaani mchezo wa video. Tunataka kueleza jinsi mchezo mmoja, Dragon Age II, ulivyopokelewa mwaka 2011, kwa nini maoni juu yake yalipishana sana, na mwanafunzi wa lugha na fasihi anaweza kujifunza nini katika ugomvi huo.

Tuseme wazo letu mapema. Lawama zilizotolewa juu ya mchezo huu ni za aina tatu: zipo zinazohusu kazi yenyewe ilivyotengenezwa, zipo zinazohusu ahadi iliyotolewa na mchezo wa kwanza, na zipo zinazohusu maana ya hadithi. Kila aina inadai ushahidi wake. Wengi waliosifu na wengi waliolaumu walizitia zote katika kapu moja, na hapo ndipo mjadala ulipopotea njia.

1. Michezo miwili kwa ufupi

Mchezo wa kwanza, Dragon Age: Origins, ulitoka Novemba 2009. Uliundwa na studio ya BioWare ya mji wa Edmonton, Kanada, ukauzwa na kampuni ya Electronic Arts. Ni wa aina ambayo wachezaji duniani kote huiita RPG. Mchezaji anajiundia mhusika, anamwongoza katika nchi ya kubuni, anazungumza na watu, anapigana, na anaamua mambo yanayobadili hadithi. Katika Origins nchi hiyo inaitwa Ferelden, nayo inavamiwa na majeshi ya viumbe wabaya wanaotoka chini ya ardhi. Mchezaji anachagua asili ya shujaa wake, na kuna visa sita tofauti vya kuanzia. Kutoka hapo anakusanya wenzake, anatafuta majeshi, na mwishoni anaokoa nchi. Ni umbo la utendi tunalolifahamu: mtu anatoka, anapita majaribu, anarudi na ushindi.

Dragon Age II ulitoka Machi 2011, yaani miezi 16 tu baada ya ule wa kwanza. Kwa kulinganisha, Origins ulikuwa umetangazwa tangu mwaka 2004. Mwendelezo huu haumfuati shujaa wa kwanza. Unamleta mtu mwingine, Hawke, ambaye anaikimbia Ferelden pamoja na mama yake na ndugu zake wakati wa uvamizi ule ule. Wanavuka bahari na kuomba hifadhi katika mji wa Kirkwall. Karibu hadithi yote inabaki katika mji huo na viunga vyake. Inaenda kwa sehemu tatu, na kati ya sehemu moja na nyingine miaka inarukwa. Hawke hatafuti kuokoa dunia. Kwanza anatafuta fedha na mahali pa kulaza familia yake, kisha jina lake linakua, na mwishoni anajikuta katikati ya vita vinavyoupasua mji.

Jambo moja zaidi ni muhimu kwetu. Hadithi hii ina msimulizi. Varric, mfanyabiashara na mtu wa maneno mengi, amekamatwa, naye anahojiwa na mwanamke mkali aitwaye Cassandra. Kila tunachokicheza ni kile ambacho Varric anamsimulia. Pambano la kwanza kabisa linamwonyesha Hawke akiwafagia maadui kana kwamba ni nyasi. Kisha Cassandra anakatiza: hayo si kweli, sema yaliyotokea. Varric anaanza upya, na sasa shujaa ni mkimbizi wa kawaida mwenye nguvu za kawaida. Kwa hiyo tangu dakika za mwanzo mchezaji anaambiwa kwamba sauti inayosimulia inaweza kutia chumvi.

2. Alama, na watu waliozitoa

Wakosoaji wa magazeti na tovuti walitoa alama nzuri, ingawa zilikuwa chini ya zile za mchezo wa kwanza. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji na kufanya wastani, inaonyesha 91 kati ya 100 kwa Origins kwenye kompyuta, na 82 kwa Dragon Age II. Wapo waliousifu sana: gazeti la PC Gamer la Uingereza lilitoa 94 kati ya 100. Lakini wachezaji wa kawaida waliopiga kura katika tovuti hiyo hiyo waliupa wastani ulio chini ya 5 kati ya 10. Wengi waliandika sifuri. Baadaye ikajulikana kwamba mfanyakazi mmoja wa studio alikuwa ameandika sifa za mchezo wao wenyewe na kuupa 10, bila kutaja kazi yake.

Ni rahisi kusema kwamba wakosoaji walikuwa wapole na wachezaji walikuwa na hasira, halafu tukaishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi. Sifuri si hukumu juu ya kazi, kwa sababu mchezo unaofunguka, unaosikika na unaomalizika hauwezi kustahili sifuri kwa kipimo chochote cha ufundi. Sifuri ni kilio. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kilio hicho kinasema nini, kama vile mwanaisimu anavyomuuliza mtu aliyekosea sarufi alitaka kusema nini. Tukivisoma vilio hivyo pamoja na hoja za wakosoaji, zile aina tatu zinajitokeza.

3. Lawama ya kazi: pango lile lile

Lawama iliyotajwa na karibu kila mtu, hata na waliousifu mchezo, ni kurudiwa kwa mahali. Hawke anaingia katika pango kumtafuta mtu aliyepotea. Saa mbili baadaye anaingia katika pango jingine, lenye jina jingine, upande mwingine wa mlima, lakini ni lile lile: kona ile ile, ngazi zile zile. Kitu kinachobadilika ni mlango unaofungwa kwa ukuta wa jiwe ili njia ionekane mpya. Hata ramani ndogo pembeni mwa kioo inaendelea kuonyesha vyumba vilivyozibwa. Nyumba za matajiri, maghala na pwani vinarudiwa vivyo hivyo. Pia katika mapigano, maadui wakiisha kundi la pili linatokea ghafla, wengine wakiruka kutoka juu ya mapaa, mpaka mbinu aliyoipanga mchezaji inakosa maana.

Hii ni lawama juu ya kazi. Ushahidi wake unaonekana kwa macho na unaweza kuhesabiwa. Haihitaji mtu awe ameucheza mchezo wa kwanza, wala haihitaji nadharia. Sababu yake nayo inaeleweka: miezi 16 ni michache kwa kazi ya ukubwa huo.

Lakini walitokea watetezi waliojibu kwa nadharia. Walisema: hadithi inasimuliwa na Varric, na Varric haaminiki, basi mapango yanafanana kwa sababu yeye hakumbuki vizuri, au hajali. Hoja hii inapendeza kwa mwanafunzi wa fasihi, kwa sababu inatumia chombo tunachofundishwa, yaani msimulizi asiyeaminika. Hata hivyo tunaikataa, na sababu imo ndani ya mchezo wenyewe. Msimulizi asiyeaminika hatambuliwi kwa kudhani tu, anatambuliwa kwa alama zilizowekwa katika matini. Dragon Age II unaweka alama hizo waziwazi. Varric anapotia chumvi, Cassandra anamkatiza. Katikati ya mchezo kuna pahali ambapo Varric anajionyesha akiishambulia nyumba peke yake na kuangusha kila mtu kwa mkono mmoja, na Cassandra anamrudisha kwenye ukweli mara moja. Juu ya mapango, Cassandra hasemi neno. Msikilizaji aliyewekwa ndani ya hadithi ili akamate uongo haoni uongo wowote hapo. Kwa hiyo pango lililorudiwa ni kasoro ya utengenezaji, si mtindo wa usimulizi.

Nadharia inasaidia pale matini inapoiita. Ikiitwa na msomaji ili kufunika tundu, inageuka kuwa wakili wa kazi hafifu.

4. Lawama ya ahadi: tulizoeshwa kingine

Aina ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu kinacholaumiwa si kibaya chenyewe. Kimebadilishwa tu.

Chukua mazungumzo. Katika Origins shujaa hana sauti. Mchezaji anasoma orodha ya sentensi kamili, anachagua moja, na mwenzake anajibu. Sentensi iliyosomwa ndiyo iliyosemwa, na sauti yake ni ile ambayo mchezaji ameisikia kichwani mwake. Katika Dragon Age II Hawke ana sauti ya mwigizaji, Nicholas Boulton akiwa mwanaume na Jo Wyatt akiwa mwanamke. Mahali pa orodha pamewekwa gurudumu. Juu ya gurudumu hakuna sentensi kamili, kuna maneno machache ya muhtasari na picha ndogo inayoonyesha nia: tawi la amani, barakoa ya kichekesho, ngumi. Mchezaji anachagua muhtasari na nia, halafu anasikia Hawke akisema maneno mengine.

Kwa mwanafunzi wa pragmatiki, kifaa hiki ni somo zima. Kinatenganisha mambo mawili tunayofundishwa kuyatenganisha: maneno yanayotamkwa na tendo linalofanywa kwa maneno hayo. Mchezaji wa Origins alichagua maneno, nia akajiwekea mwenyewe. Mchezaji wa Dragon Age II anachagua nia, maneno anapewa. Tena mchezo unahesabu: mtu anayechagua mzaha mara nyingi, Hawke wake anaanza kutoa mzaha hata pale ambapo hakuna chaguo, na mtu anayechagua ukali anamsikia Hawke akiwa mkali katika salamu. Tabia inajengwa na mazoea ya usemi. Hilo ni wazo zuri, na wakosoaji walioliona walilisifu kwa haki.

Kwa nini basi wengine walikasirika? Kwa sababu Origins uliwafundisha kwamba shujaa ni wangu, ananena ninachokisoma. Katika mwendelezo, shujaa amekuwa mtu wa tatu ambaye mchezaji anamwelekeza kama mwongozaji wa tamthilia anavyomwelekeza mwigizaji. Mara nyingine muhtasari na sentensi havilingani, na mchezaji anashtuka kusikia alichokisema. Pamoja na hayo, asili zile sita zimeondolewa, na Hawke ni binadamu tu. Mavazi ya wenzake hayabadilishwi kama zamani. Kwenye kompyuta, ile kamera ya juu iliyomwezesha mtu kupanga vita kama mchezo wa dama haipo tena.

Lawama hizi hazisemi kwamba gurudumu ni kifaa kibovu. Zinasema: jina lililoandikwa juu ya kasha liliniahidi kitu, nami sikukikuta. Ushahidi wake ni mchezo wa kwanza uliowekwa pembeni ya wa pili. Anayeandika bila kuujua wa kwanza hawezi kuzipima lawama hizi. Anayeujua naye asisahau kwamba kuvunja ahadi si dhambi kila mara. Mwandishi anaweza kuwa na haki ya kubadili njia, lakini anawajibika kumwandaa msomaji. Jina lenye namba 2 halimwandai mtu kwa mabadiliko. Linamwambia kwamba safari inaendelea.

5. Lawama ya maana: shujaa asiyeweza kuzuia

Aina ya tatu inahusu hadithi inasema nini. Kirkwall ni mji unaowaogopa watu wanaozaliwa na nguvu za uchawi. Wanafungiwa katika jengo moja na kulindwa na askari wa dini waitwao Watemplari. Hapa tunalazimika kusimama kidogo juu ya neno. Kifaransa kina mage na kina sorcier, na la kwanza halimhukumu mtu. Kiswahili chetu kikisema mchawi, kesi imekwisha kabla haijasikilizwa. Katika miji yetu neno hilo limefukuza watoto nyumbani mwao. Kwa hiyo tutawaita watu hawa wenye vipawa, si kwa kuficha uchawi wao bali kwa sababu hadithi yote inauliza kama wanastahili hukumu hiyo.

Hawke anaishi kati ya pande mbili. Kila mwaka hofu inazidi upande mmoja na ukali unazidi upande mwingine. Mwishoni mmoja wa wenzake Hawke, Anders, analipua hekalu kuu la mji likiwa na watu ndani, na Hawke lazima achague upande. Lakini akichagua wenye vipawa, kiongozi wao Orsino anageuka kuwa dubwana na lazima auawe. Akichagua Watemplari, mkuu wao Meredith anashikwa na wazimu, naye lazima auawe. Kwa njia zote mbili mchezaji anapigana na wote wawili. Kabla ya hapo, katikati ya hadithi, mama yake Hawke anauawa na mwendawazimu, na hakuna njia yoyote ya kumwokoa, hata mchezaji afanye haraka namna gani.

Wengi waliandika: basi chaguo langu lina kazi gani? Ili kuelewa nguvu ya swali hilo, turudi Origins. Kule kuna mtoto wa mtawala aliyeingiwa na pepo. Mchezaji anaweza kumuua mtoto, au kumtoa mama yake sadaka ili mtoto apone. Lakini anayetafuta zaidi anapata njia ya tatu: anaomba msaada wa wenye vipawa, na wote wawili wanabaki hai. Mchezo wa kwanza ulifundisha somo kimya kimya: tafuta, utaipata njia ambayo haimuumizi mtu. Mchezaji aliyefika Kirkwall na somo hilo alimtafutia mama yake Hawke njia ya tatu, wala hakuipata.

Hapa maoni yetu yanawaelekea wale waliousifu mchezo. Hadithi ya mtu ambaye ana uwezo lakini hawezi kuzuia ni hadithi halali. Tanzia tangu zamani inafanya hivyo. Aliyesema kifo cha mama ni kasoro kwa sababu hakizuiliki alikuwa anaipima tanzia kwa kipimo cha utendi. Kifo hicho kimeandaliwa: dalili zake zinaonekana mapema, tangu sehemu ya kwanza, katika habari za wanawake wanaopotea mjini. Kina uzito kwa sababu hakizuiliki.

Lakini Orsino ni jambo jingine. Mtu aliyetetea watu wake kwa maneno ya busara hadithi nzima anageuka ghafla, hata pale ambapo upande wake unapigana vizuri na Hawke yuko pamoja naye. Hapa lawama ina haki. Tanzia inadai kwamba maangamizi yatoke ndani ya mhusika. Haya yametoka katika haja ya kupata pambano kubwa la mwisho. Kwa hiyo kilio kimoja, kwamba chaguo halina kazi, kinakosea juu ya mama na kinapatia juu ya Orsino. Mtu akitoa hukumu moja kwa yote mawili, iwe sifa au lawama, hajausoma mchezo.

6. Yaliyofuata

Studio ilizisikia lawama. Mchezo wa tatu, Dragon Age: Inquisition, ulitoka Novemba 2014. Kamera ya kupangia vita ilirudi, mchezaji akaruhusiwa tena kuchagua asili ya shujaa wake, na mahali pa mapango yaliyorudiwa pakawekwa maeneo makubwa ya wazi, kila moja na sura yake. Mwaka huo ulipewa tuzo ya mchezo bora katika The Game Awards. Lakini lawama mpya ikazaliwa: maeneo ni makubwa mno, yamejaa kazi ndogondogo za kuokota hiki na kupeleka kile, na hadithi inapotea humo. Baadhi ya wachezaji wakaanza kuikumbuka Kirkwall kwa wema: mji mmoja, watu wachache, miaka inayopita na kuacha alama.

Mabadiliko haya ya maoni yanaeleweka kwa mgawanyo wetu. Lawama ya kazi haikufutika. Hakuna anayesema leo kwamba mapango yale yalikuwa mazuri. Lawama ya ahadi ndiyo iliyopungua, kwa sababu ahadi huisha nguvu watu wakishajua mapema watakachokikuta. Anayeanza Dragon Age II leo hasubiri Origins ya pili. Na lawama ya maana imebaki wazi, kama inavyobaki kwa kila hadithi inayostahili kujadiliwa.

7. Hitimisho

Mwanafunzi anayetaka kuandika uhakiki wa mwendelezo wowote, uwe mchezo, riwaya au filamu, tunampendekezea maswali matatu. La kwanza: kasoro hii ingeonekana na mtu ambaye hakuijua kazi ya kwanza? Ikiwa ndiyo, ni kasoro ya kazi, itaje na uionyeshe. La pili: ninachokilaumu ni kibaya, au ni kigeni tu? Ikiwa ni kigeni, sema ni mazoea gani uliyoyapata wapi. La tatu: hadithi hii inafuata utanzu gani, nami naipima kwa utanzu gani?

Kuna sababu ya kuyachukua maswali haya kwa uzito. Vijana wa miji yetu wanacheza michezo hii kwa Kifaransa na Kiingereza, wanabishana juu yake kwa Kiswahili, lakini wakiandika, wakiandika kabisa, wanarudi Kifaransa. Kiswahili kinaachiwa kelele za ubishi, na uchambuzi unapelekwa kwingine. Maneno tuliyoyahitaji hapa, yaani msimulizi, nia, muhtasari, ahadi, tanzia, utanzu, tayari tunayo, na yametosha kuueleza mchezo mzima. Neno moja tu, mchawi, ndilo lililotulazimu kusimama na kufikiri, na kusimama huko kulitufundisha kitu juu ya hadithi na juu yetu pia. Mwanafunzi anayetafuta mada ya TFC asidhani kwamba uwanja huu ni wa watoto. Kuna matini ndani yake, kuna wasomaji wengi, na wahakiki wa lugha yetu bado ni wachache.